Nilivyoondoka zikiwa zimebaki sekunde 28

Siku ile nilitoka sebuleni kwa shemeji, Buguruni, nikiwa nimeshavaa viatu vya kazini na mdomo umeshajaa maneno ya ushindi. Ilikuwa Jumatano, tarehe 19 Juni 2013, kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kule Miami ilikuwa bado Jumanne usiku. Fainali ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mechi ya sita kati ya saba, San Antonio Spurs wanaongoza Miami Heat 3-2 katika mechi, wa kwanza kufika nne anabeba kombe, na ubaoni wanaongoza 94-89. Sekunde 28 na kitu.

Tulikuwa macho tangu saa kumi alfajiri. Mtaani kwetu NBA iliingia kwa mlango wa Hasheem Thabeet, timu ya Memphis ilipomchagua namba mbili kati ya wachezaji wapya mwaka 2009. Kabla ya hapo tulikuwa tunaisikia tu. Msimu ule wa 2013 Hasheem alikuwa Oklahoma City, wakatolewa raundi ya pili, kila mtu akabaki na timu ya kuazima. Mimi niliazima Spurs kwa ajili ya Tim Duncan. Shemeji alikuwa wa Miami Heat, au niseme wa LeBron, maana hadi 2010, LeBron alipokuwa bado Cleveland, alikuwa anaapa kwa Cleveland.

Duncan alikuwa amenipa kiburi. Kipindi cha kwanza peke yake alifunga pointi 25, mtu wa miaka 37, na kila akifunga nilikuwa namwangalia shemeji badala ya kuangalia runinga. Kwa hiyo Manu Ginobili alipoingiza mtupo huru mmoja kati ya miwili na ikawa 94-89, nikainuka. Wahudumu wa ukumbi walikuwa wameshaanza kuzungusha kamba ya njano pembeni ya uwanja, maandalizi ya kukabidhi kombe. Nikabeba begi.

"Pole shem. Jioni nakuletea kitambaa ufute machozi."

Dada alikuwa anamimina chai. Akasema, "Mbona hawajapuliza filimbi?" Sikumjibu. Nilikuwa nawahi kazini, na daladala za Posta asubuhi hazimngoji mtu.

Ndani ya gari niliwatangazia watu ambao hawakuniuliza. Konda akataka kujua hiyo Spurs ni ya London au ni ipi. Nikiwa katikati ya kumwelewesha, simu ikaita mlio wa ujumbe. Shemeji. Maneno mawili: "Ray Allen." Nikadhani ananitajia mchezaji wa Miami aliyekosa. Tulipofika Kariakoo ukaingia wa pili: "Rudi uage vizuri."

Baadaye nilisikia kwamba hata kule Miami baadhi ya mashabiki wao walitoka mapema kama mimi, na walipogeuka wakakuta milango haiwaruhusu kurudi ndani. Lakini wao walikuwa wanafungwa. Mimi nilikuwa nashinda, tena niliondoka kwa kejeli.

Jioni nikapita uwanjani Don Bosco, Upanga, kama kawaida. Vijana walikuwa wamemzunguka jamaa mmoja mwenye kipande cha video kwenye simu. Kioo kilikuwa kidogo kuliko kiganja, tukapishana vichwa. Niliiona mara ya kwanza pale, nikiwa nimeshika kiuno.

LeBron anapiga tatu, yaani mtupo wa mbali wa pointi tatu, anakosa, Miami wanaudaka mpira, anapiga tena na kupata, 94-92. Kawhi Leonard wa Spurs anachezewa faulo, anakosa mtupo wa kwanza, anapata wa pili, 95-92. Sekunde 19. LeBron anapiga tatu nyingine, mpira unagonga ringi. Chris Bosh wa Miami anaruka anaudaka. Na hapo ndipo palikuwa na kitu cha kutazama: Ray Allen hakukimbilia kona kwa kugeuka. Alirudi kinyumenyume, hatua fupifupi, macho kwenye mpira, hata chini hakuangalia, na visigino vikatua nyuma ya mstari kama mtu anayejua kochi lake gizani. Tony Parker wa Spurs akamrukia. Allen akapiga tatu, ikaingia. 95-95, zimebaki sekunde 5.2. Muda wa nyongeza Miami wakamaliza 103-100.

Ubishi ukaanza kabla video haijaisha. Kulikuwa na kaka mmoja tuliyemwita Kocha, ingawa hakuwahi kufundisha timu yoyote. Yeye alikuwa na neno moja: faulo. Unaongoza kwa tatu, mshike mtu kabla hajapiga, aende kwenye mstari apate mbili, bado unaongoza. "Hesabu ya darasa la pili!" Wengine walimlaumu Gregg Popovich, kocha wa Spurs, kwa kumweka Duncan benchi mara zote mbili Miami waliposhambulia. Alitaka watu wepesi wa kubadilishana wapigaji wa tatu, sawa, lakini mara zote mbili mpira ulidunda ukaishia mikononi mwa Miami, na mdaka ribaundi wako mkuu amekaa na taulo. Mimi hadi leo niko upande huu. Siku ile, kwa hasira, nilikuwa na Kocha.

"Basi kacheze," mtu akasema. "Sekunde 19, simu hii hapa. Wewe Spurs."

Tukapanga watano kwa watano. Mara ya kwanza nilimfukuza mwenye mpira nimshike, akampasia mwenzake, nikamfukuza huyo, naye akapasia, na tatu ikapigwa kona bila mtu. Ilikosa, lakini kwa bahati tu. Mara ya pili nilifika. Nikamshika mkono kwa nguvu, na mkono ulikuwa tayari uko juu na mpira.

"Mitupo mitatu!"

Nikabisha. Nikasema nilimshika kabla. Hakuna aliyenisikiliza, hata wa timu yangu. Dogo akaingiza yote mitatu, mmoja baada ya mwingine, huku anatafuna kijiti cha muwa.

Mara ya tatu nilimshika vizuri, mapema, Kocha akapiga makofi. Dogo akaingiza wa kwanza, wa pili akaukosesha makusudi, akaupiga kwa nguvu mbele ya ringi. Nilikuwa nimesimama kwa ndani, nafasi yote yangu. Mpira ukanipita begani, mrefu wao akaurudisha kapuni. Sare.

Kocha akavua saa, akampa mtu amshikie. "Tokeni, niwaonyeshe." Akaingia na makubazi yake. Kwenye sekunde ya kumi alimkumbatia mtu aliyekuwa hana mpira.

Ijumaa alfajiri nilikuwa Buguruni tena, mechi ya saba. Miami wanaongoza kwa mbili, chini ya dakika moja, Duncan akapata nafasi karibu kabisa na kapu, mbele yake Shane Battier wa Miami, aliye mfupi kwake. Akakosa. Aliporudi kukaba akainama akapiga sakafu kwa mikono yote miwili. Dada akaniuliza kama leo sichelewi kazini. Nikamwambia bado. Iliisha 95-88, wakabeba kombe, wakahojiwa, wakapiga picha, nami nimekaa palepale. Shemeji hakusema neno. Alikwenda chumbani, akarudi na kitambaa kimepigwa pasi, akakiweka kwenye mkono wa kochi langu.