Mayai ya mjusi: nimebaki na ganda

Kwa wenye walikosa mwanzo: nilitoa mayai mawili ya mjusi wa nyumba (geko) kwenye ukuta wetu wa mawe ya volkano hapa Goma, nikayaweka kwenye boksi ya mchanga karibu na mbabula (jiko ya makaa), juu baridi ya usiku huku haina huruma. Nilichora alama ya kalamu upande wa juu ili nisiyageuze, ukigeuza yai ya mjusi kitoto kinaweza kufa ndani. Mama alisema siku moja atayakaanga.

Wiki ya 3. Moja imepasuka, kosa ya kidole yangu. Nilisikitika kweli, lakini nikachukua lupu (kioo cha kukuzia vitu). Aisee, ni jicho tu! Jicho kubwa jeusi, na chini yake vinundu vinundu tu, uso hamna. Njo nikaelewa kile nilikuwa nasoma tu: sura haichongwi, inaungwa. Kinundu cha paji na pua kinashuka, vya taya ya juu vinakuja pembeni, vya taya ya chini vinakutana katikati, na vingi ya vyenye vinavijaza ni seli zenye zilitoka huko juu ya mgongo, pembeni ya mfereji wa neva, zikasafiri mpaka mbele. Kuku, mjusi, mtu, wote tunapita hapo. Mtoto akizaliwa na mdomo wa sungura ni kwamba vinundu vya taya ya juu na vya pua havikuungana vizuri, hakuna mtu alimuroga, niliambia majirani wakanicheka.

Wiki ya 5. Namulika yai yenye ilibaki na toshi ya telefone, mishipa myekundu, kitoto kinacheza. Kingine chenye sijazoea bado: taya ya mjusi inakunjikia kwenye mifupa miwili, kwadrati na artikulari, na Reichert, mwanasayansi Mjerumani, alionyesha mwaka 1837 kwamba kwetu watu hiyo mifupa iko ndani ya sikio, ni ile midogo yenye inaitwa fuawe na nyundo. Yaani nasikia redio na taya ya mjusi.

Leo. Nilikuwa nangojea meno. Mijusi wengi na nyoka wana jino moja ya kutobolea yai, geko wana mawili, mamba na kasa hawana jino kabisa, ni ngozi ngumu tu puani, na haya meno yanadondoka haraka sana. Lupu tayari, toshi tayari. Asubuhi nakuta ganda tupu, mwenyewe yuko juu ya kabati, hashikiki.