Nilivyoagiza mkoba halisi wa Louis Vuitton nikiwa Lamu

Kila mwanamke wa hapa mjini niliyemweleza kwamba nataka kununua mkoba wa Louis Vuitton, kampuni ya Ufaransa ya mikoba ya fahari, kupitia intaneti alinipa ushauri uleule, nao ulikuwa ushauri mbovu: tazama kama una kadi ya uhalisi, tazama mfuko wake wa kitambaa, dai risiti. Wifi yangu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwaagizia vitu dada zake wa Mombasa, ndiye aliyeng'ang'ania zaidi. "Wifi, kadi ndiyo cheti cha kuzaliwa cha mkoba," aliniambia, "usiokuwa nayo hauna baba." Nilipoketi kusoma mwenyewe nikakuta kwamba Louis Vuitton haitoi kadi ya namna hiyo kabisa. Chanel, kampuni nyingine ya mikoba, ndio waliotia kadi yenye nambari katika mikoba yao kwa muda mrefu, na nadhani desturi yao ndiyo iliyochanganywa na ya wenzao. Ila mkoba wa Louis Vuitton ukikujia na kikadi cha plastiki kinachong'aa, kikadi hicho ndicho shahidi wa kwanza dhidi yake. Mfuko wa kitambaa na sanduku huuzwa peke yake, na risiti huchapishwa na yeyote mwenye printa.

Wengine walinitumia matangazo ya punguzo la asilimia 70. Kampuni hii haina msimu wa kushusha bei, kwa hiyo mkoba mpya wa bei ya kutupa haupo. Wenye bei nafuu ama umetumika, ama ni wa bandia. Nikaamua kutafuta uliotumika, wa aina ya Speedy 30, ambayo imekuwa ikitengenezwa tangu 1930 na ambayo nambari yake inaeleza urefu kwa sentimita. Niliuchagua kwa sababu ni mkubwa wa kutosha kubeba vitu vya arusini, na katika shughuli za wanawake hapa kwetu, buibui likishavuliwa, mkoba huangaliwa kuliko uso.

Kabla ya kuupata niliangukia kwa muuzaji mmoja wa Nairobi, mwanamke mwenye maneno matamu aliyeniita "mpenzi" kabla hajajua jina langu. Alisema mkoba wake ni mpya, ulinunuliwa Paris mwaka uliopita. Nikamwomba picha ya kile kipande kidogo cha ngozi kinachojificha ndani, ambacho hupigwa chapa ya herufi na tarakimu. Akaituma upesi, kwa fahari. Hapo nikatulia nikapanga maneno yangu, kwa maana chapa hizo zilianza kutiwa miaka ya 1980 na zikaachwa mwaka 2021, mahali pake pakachukuliwa na chipu ambayo jicho haliioni. Mkoba wa mwaka uliopita usingeweza kuwa na chapa hiyo. Nilipomweleza hivyo kwa adabu, alinyamaza kwa muda, kisha akajibu kwamba amekumbuka vibaya, kwamba mkoba ni wa dada yake na ulinunuliwa zamani, mwaka 2012.

Basi nikaisoma tena ile chapa: herufi mbili, kisha 6182. Kwa mikoba iliyotengenezwa kuanzia 2007, tarakimu ya pili na ya nne huonyesha mwaka, na ya kwanza na ya tatu huonyesha wiki. Ya pili na ya nne zilikuwa 1 na 2, kwa hiyo mwaka 2012 ulikubali, na hapo nakiri alinipa wasiwasi kidogo kwamba huenda nimemdhania vibaya. Lakini ya kwanza na ya tatu zilikuwa 6 na 8. Mimi sijapata kusikia kalenda yoyote, ya Kizungu wala ya Kiislamu, yenye wiki ya 68. Nikamwuliza, "Dada, mkoba huu ulishonwa mwezi gani?" Akajibu bila kusita kwamba ulishonwa Desemba.

Ningeweza kumwacha hapo, lakini nilikuwa nimeanza kufurahia. Nikamwomba picha mbili, moja ya upande wa mbele na moja ya upande wa nyuma, mkoba ukiwa umesimama. Speedy ya kitambaa cha monogramu hukatwa kwa kipande kimoja cha turubai kinachopita chini ya mkoba bila mshono, na matokeo yake ni kwamba herufi za LV zikiwa zimesimama upande wa mbele, upande wa nyuma zinakuwa zimepinduka. Mkoba wake ulikuwa na mshono katikati ya kitako na herufi zilizosimama wima pande zote mbili. Yeye, maskini, alidhani ndiyo sifa yake: "Tazama zilivyosimama sawasawa, mpenzi. Feki ndizo zinazopinduka." Nilipomshukuru na kuaga, bei ilianza kushuka, ikashuka tena, hadi ikafika ile ya mkoba wa kawaida wa dukani. Sikuununua.

Chapa nzuri peke yake haitoshi, maana wenye kughushi huinakili kutoka kwa mikoba halisi, na ile dalili ya herufi kupinduka si ya kila mkoba wa kampuni hii. Mimi nilitazama pia mikono ya kushikia. Ngozi yake haipakwi rangi, hutoka kiwandani ikiwa nyeupe hafifu, na kwa jua na jasho la mikono huiva polepole ikawa na rangi ya asali. Mkoba unaosemekana kubebwa miaka kumi na mikono yake bado myeupe una hadithi inayohitaji kuelezwa.

Wangu niliupata katika duka la Uingereza la bidhaa zilizotumika, lenye wakaguzi wake na linalokubali kurudishiwa. Nililipa kwa ile kadi ya Visa isiyoshikika inayotolewa ndani ya M-Pesa tangu 2022, na sina la kueleza zaidi. Bei ilikuwa kama shilingi elfu themanini hivi.

Shida ilikuwa anwani. Fomu ilitaka jina la barabara na nambari ya nyumba, nami nakaa mtaa wa Langoni, katika kichochoro ambacho punda wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma. Nikatumia anwani ya wakala wa mizigo aliye London, ambaye huleta vifurushi Nairobi. Mawakala na kampuni za ndege hutoza kwa uzito ulio mkubwa kati ya ule wa mizani na ule wa ukubwa, na uzito wa ukubwa hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya, kwa wakala wangu, kwa 5,000 (kampuni za ndege kwa kawaida hugawanya kwa 6,000). Sanduku la 40 kwa 30 kwa 20 linahesabiwa karibu kilo tano, hata likiwa na mkoba usiofika kilo moja. Speedy ni laini na hulala bapa, hivyo niliwaandikia wale wa dukani waukunje, wasitie sanduku la fahari, na kimo kiwe sentimita 8. Hesabu ikashuka chini ya kilo mbili. Wanawake wanaotaka sanduku la kuweka juu ya kabati wajue kwamba wanalipia hewa.

Ushuru nilikuwa nimeuweka kando mapema. Bidhaa za ngozi na nguo zilizoshonwa zimo katika kundi la asilimia 35 tangu Julai 2022, na VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru wenyewe. Kwa hiyo mzigo ambao bei, usafiri na bima yake ni shilingi 100,000 hudaiwa 35,000, kisha 21,600, na ada ndogondogo juu yake. Wakala akisema bei yake kwa kilo imemaliza yote, mwambie aiandike.

Kutoka Nairobi ulikuja kwa basi hadi Mokowe, mpwa wangu akaupokea na kuuvusha kwa boti ukiwa umefungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Wifi alikuwa wa kwanza kufika. Aliugeuza mbele na nyuma, akanihurumia kwa dhati: "Wifi, wamekufanyia. Nyuma wameushona kichwa chini miguu juu!"

Akanishauri pia niipake mikono yake mafuta ya nazi, nami nikakataa, kwa sababu ngozi isiyopakwa rangi hunywa mafuta na kubaki na madoa. Nauweka ndani ya mfuko wa pamba, umejazwa leso kuukuu usipoteze umbo, wala sio ndani ya plastiki, ambayo kwa unyevu wa hapa hukuza ukungu. Na kusi likivuma kwa nguvu, mkoba haupandi boti. Siku hiyo nabeba kikapu.