Beji haiuzwi: kikundi chetu cha mikoko kilivyofika COP28

Beji ya kuingia mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, kama ule wa COP28 uliofanyika Dubai, haiuzwi. Nalitaja hili kabla ya jingine lolote kwa sababu kuna bwana alitujia kikundini, kavaa vizuri, kabeba makaratasi yenye mihuri, akatutaka tuchange pesa za "usajili" ambazo zingetosha kununua boti ya faiba na injini yake. Baadhi ya wazee walishaanza kuulizana nani ana mbuzi wa kuuza. Nikasimama nikasema haitolewi hata shilingi mpaka nijue pesa hizo zinakwenda wapi, na mpaka leo nashukuru kwamba mwenyekiti aliniunga mkono.

Ukweli ni huu. Sekretarieti ya tabianchi, ile yenye makao yake Bonn, Ujerumani, haitozi ada ya beji. Ila haisajili mtu mmoja mmoja wala kikundi cha kijiji. Inasajili mashirika yaliyokwisha kukubaliwa kuwa waangalizi, yaani yanayoruhusiwa kuingia bila kuwa wajumbe wa nchi, na kila shirika hupangiwa nafasi zake. Kikundi kidogo kinachotaka kwenda lazima kitafute shirika lenye nafasi na kuliomba, tena mapema, miezi kabla ya mkutano. Ukianza kuhangaika wakati wenzio wanafunga mabegi, umechelewa.

Tuliandika barua nyingi. Karibu zote hazikujibiwa, na nilipozisoma upya nikaelewa kwa nini: zote zilieleza sisi ni nani, tulianza lini, tuna wanachama wangapi. Barua iliyojibiwa ilikuwa na picha moja ya visiki na swali moja chini yake: hasara hii inaandikwa wapi? Shirika hilo likatupa nafasi mbili, yangu na ya kijana wetu mweka hazina.

Visiki hivyo viko kwetu, hori ya Mwache, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu magharibi mwa Mombasa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo kutoka mashamba ya juu, mto Mwache ukaubeba, na hori ikajaa. Mkoko hupumua kwa mizizi yake, ile inayosimama juu ya tope kama miguu ya kaa. Mizizi ikafukiwa, miti ikafa ingali imesimama. Mapande mazima ya msitu yalikauka hivyo. Samaki na kaa waliokuwa wakizalia pale wakapungua, na wanawake waliokuwa wakitegemea hori wakaanza kwenda kufua nguo za watu mjini. Hakuna aliyekuja kututhaminia. Nyumba ikibomoka huja mtu na daftari, msitu wa bahari ukifa haji mtu.

Basi ushauri ukaanza kumiminika. Chapisheni fulana. Tengenezeni bango kubwa. Kodini kibanda cha maonyesho. Chukueni ngoma. Kila aliyeshauri alikuwa hajafika, ila alijua. Fulana tungezichapisha pesa ya nauli ingeisha. Tiketi za Mombasa hadi Dubai tulizipata kwa harambee, kwa akiba ya kitalu cha miche, na kwa mkopo mdogo tuliokwisha kuulipa. Hoteli za karibu na mkutano zilikuwa hazishikiki. Tulilala Deira, mtaa wa Dubai, kwa binti wa jirani yetu anayefanya kazi kule, sebuleni kwake, na Mola amzidishie. Asubuhi tunapanda metro ya laini nyekundu pale Al Rigga mpaka kituo cha Expo 2020. Ni mwendo wa zaidi ya saa nzima, kwa hiyo chai inywewe kabla ya kutoka, maana chakula cha ndani ya mkutano kinaumiza mfuko.

Mkutano ulifunguliwa 30 Novemba 2023 Expo City, na waliosajiliwa walipita 80,000. Siku hiyo hiyo ya kwanza wakapitisha mfuko wa hasara na uharibifu, wa kusaidia nchi zinazoendelea zilizoumizwa na mabadiliko ya tabianchi. Ukumbi ulipiga makofi. Umoja wa Falme za Kiarabu ukaahidi dola milioni 100, Ujerumani vivyo hivyo, Marekani milioni 17.5. Mimi nilikuwa natazama simu. Nyumbani mvua za El Niño zilikuwa zinanyesha tena, watu zaidi ya 100 wamekwisha kufa nchini, na wenzangu wananitumia video za maji mekundu yakiingia hori kwa kasi ileile tuliyoijua. Kijana wetu aliomba atoke nje apumzike, nikamruhusu.

Jambo hili kikundi chochote kilijue: maandishi ya mfuko huo hayakutungwa Dubai. Kamati ya mpito, iliyopewa kazi ya kuuandaa, ilikuwa imekubaliana Abu Dhabi mwanzoni mwa Novemba, na ndani yake kimetajwa kitu kinachotuhusu hasa, yaani misaada midogo kwa jamii. Tungefika na hotuba ya kudai mfuko uanzishwe tungekuwa tunagonga mlango uliokwisha kufunguliwa. Kilichobaki kwetu ni kuhakikisha watu wa nchi yetu wanajua kwamba jamii za hori zipo na zina hesabu yao.

Tulipangiwa dakika chache kwenye mazungumzo katika banda moja. Nilijiandaa usiku kucha. Waliotangulia wakaja na picha zao za ukutani, kila mmoja akazidisha muda, banda la jirani likapiga muziki, na kipaza sauti kilipofika kwangu kikundi kilichofuata kilikuwa kimeshasimama mlangoni na bango lao limekunjuliwa. Nikataja jina langu. Nikataja hori ya Mwache. Mwendeshaji akanishukuru kwa mchango mzuri. Watu wakapiga makofi, wakainuka. Nilitoka mle na donge la koo, nikakaa chini kivulini, na hapo ndipo nilipoikumbuka kamba.

Kamba hiyo ni ya makumbi, kaisokota mama mmoja wa kikundi chetu kwa mkono wake. Kabla ya safari, maji yalipokupwa, tulichimba pembeni ya kisiki kilichokufa. Udongo wa juu ni mwekundu, wa shambani kabisa, una mchanga na vijiti. Ukiendelea kushuka, jembe linagusa kitu laini, harufu ya yai bovu inapanda, na tope jeusi linatokea. Lile ndilo sakafu ya zamani ya msitu. Tukashusha kamba. Fundo moja tukalifunga usawa wa tope jeusi, jingine usawa wa juu ulipofika udongo mwekundu. Basi. Nilikuwa nimeibeba ili nimwonyeshe yeyote atakayeuliza, na hakuna aliyeuliza.

Kila asubuhi makundi ya waangalizi hukutana. Yako tisa, na mimi nilikuwa nakaa na la wanawake na jinsia. Pale kuna akina mama wamehudhuria mikutano hii miaka na miaka. Mmoja wao, mzee wa kutoka Uganda, alinisikiliza akaniambia kwa Kiswahili chake: "Mwanangu, achana na majukwaa. Tazama ratiba ya siku, jua chumba cha hasara na uharibifu ni kipi, ukae njiani kwao wakitoka. Wakitoka wana njaa." Nitamkumbuka mama huyo maisha yangu yote.

Nikafanya hivyo. Mara ya kwanza walinipita. Mara nyingine nikamwona mjumbe wa kwetu anaelekea kwenye foleni ya kahawa, nikaingia nyuma yake, nikamwamkia, nikamwambia natoka Mwache. Sikuanza hotuba. Nikampa ncha ya kamba. "Mheshimiwa, tafadhali nishikie hapa kwenye fundo."

Akashika. Nikainyoosha kamba mpaka fundo la pili. Nikamwambia: hapa ulipo mkono wako ndipo mikoko yetu ilipokuwa ikisimama, na hapa ulipo mkono wangu ndipo udongo ulipofika. Kila kilichokuwa kikipumua katikati kilikufa.

Akanyamaza. Akaangalia kamba, akaniangalia. "Mama, haya yote mmepima wenyewe?"

"Wenyewe, kwa jembe."

Foleni ikasogea, hakusogea. Akaita mwenzake aje aone, na yule mwenzake naye akashikishwa fundo. Waliniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: udongo unatoka wapi, mmepanda aina gani, ipi imeshika. Nikawaeleza kwamba mkoko tulioupanda juu ya ule udongo mwekundu ulikataa, na mchu, aina nyingine ya mti wa msitu huo, ndio unaoanza kushika pembezoni. Akasema nimwandikie ukurasa mmoja, usizidi. Ulikuwa tayari mkobani. Niliutoa palepale, na nakiri nilijisikia fahari. Una ombi moja tu: nchi ikiweka taratibu za kupata pesa za mfuko, miti ya bahari iliyokufa ihesabiwe kuwa hasara, na vikundi vya pwani viwepo mezani.

Mwaka uliofuata tulipata wageni kutoka serikalini, wakavua viatu, wakaingia topeni na sisi. Pesa ya mfuko hatujaiona. Lakini kupitia ziara ile tumeketi na wakulima wa Kinango, kule juu udongo unakotoka, na baadhi yao wamekubali kupanda nyasi za kuzuia mmomonyoko kandokando ya matuta. Kwangu hilo ni kubwa, kwa sababu hata tukipanda miche milioni chini, udongo ukiendelea kushuka tunafukia kazi yetu.

Sasa tunaandaa maombi ya kuwa waangalizi kwa jina letu wenyewe. Wanataka katiba ya kikundi, uthibitisho wa usajili na hesabu zilizokaguliwa, na mweka hazina wetu amezipanga zote kwenye faili la kijani. Tunaangalia pia vikao vya Juni kule Bonn, ambako mengi huzungumzwa kabla ya ule mkutano mkubwa. Yule bwana wa mihuri nasikia yuko kijiji cha pili. Nimeshawapigia simu.