Tabora hadi Ujiji kwa miguu: tulivyochangisha fedha za zahanati

Wazo la hija hii lilitoka katika jumuiya yetu hapa Tabora, tulipokuwa tukitafuta namna ya kukamilisha zahanati ya parokia ambayo kuta zake zilikuwa zimesimama bila paa. Tulichagua kufuata, kadiri barabara ya leo inavyoruhusu, mwelekeo wa msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, waliotoka Bagamoyo mwaka 1878 na kugawanyika Tabora, kundi moja likielekea Ziwa Viktoria na jingine likifika Ujiji Januari 1879.

Nikiwa mweka hazina, sikuhangaishwa sana na hizo kilomita zaidi ya 400. Kilichoninyima usingizi ni fedha. Nilishikilia kwamba hujaji asibebe hata shilingi ya michango. Kila mfadhili alijaza kadi ya ahadi, kwa kilomita au kwa mkupuo, akalipa katika akaunti ya parokia, na waliotaka kutoa njiani waliandikiwa stakabadhi na katekista wa kigango (tawi la parokia) husika, aliyezikabidhi fedha kwa paroko wake. Wazee kadhaa walinung'unika kwamba kuhesabu kilomita ni kumpangia Mungu bei. Sikukubaliana nao, kwa sababu hesabu hiyo ndiyo iliyowavuta vijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, na hata majirani zetu Waislamu, ambao kila jioni walipiga simu kuuliza tumefika wapi.

Hadi Urambo tulilala viganguni bila shida, barua ya Baba Paroko ikitufungulia milango. Baada ya Kaliua vijiji huwa mbalimbali, na misitu ya miombo hutawala, hivyo gari dogo lilitutangulia na maji, magodoro na dawa za malengelenge. Huko mbung'o hawana huruma, na kwa kuwa huvutwa na rangi ya buluu, akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, waliovaa vitenge vya Bikira Maria ndio walioandamwa zaidi, mpaka wakajifunga khanga nyeupe juu yake. Mto Malagarasi, ambako misafara ya zamani ilivushwa kwa mitumbwi baada ya kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watawala wa Uvinza, sisi tuliuvuka kwa Daraja la Kikwete tukisali Malaika wa Bwana.

Misa ya shukrani iliadhimishwa Ujiji. Tuliporudi Tabora kwa treni, nakala za stakabadhi zilikuwa zimebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kanisa, na mafundi walikuwa wameanza kupaua.