Simbilisi anakula vizuri lakini anakonda

Simbilisi wetu jike (ndiye yule guinea pig) alikuwa bado anakimbilia chakula, kwa hiyo nyumbani hakuna aliyeshtuka. Mizani ya jikoni ndiyo iliyomuumbua: gramu 910 zilishuka hadi 840 ndani ya wiki. Wanyama wanaowindwa huficha ugonjwa, na manyoya nayo huficha mbavu.

Nikampakata, nikampapasa taratibu. Magoti yalikuwa yamevimba, na nilipogusa mguu wa nyuma akapiga ukelele. Kwenye fizi, damu. Kiangazi kile majani mabichi yalikuwa adimu, simbilisi wetu wote wakawa wanakula pumba na nyasi kavu tu. Mwili wa simbilisi, kama wetu, hautengenezi vitamini C.

Daktari wa mifugo akasema ni kiseyeye, yaani ugonjwa wa kukosa vitamini C, akaagiza vitamini C ya matone, anyweshwe kwa bomba lisilo na sindano. (Jirani alipendekeza amoksilini ya watoto. Thubutu! Dawa hiyo huvuruga bakteria wa tumbo la simbilisi na yaweza kumuua.) Nikaongeza kipande cha pilipili hoho kila siku. Uzito ukapanda, mguu ukaacha kuuma. Siku hizi wote hupimwa Jumapili, kabla ya kula.