Sabufa ya dada ilivyonifundisha kusoma rangi za rezista na namba za kapasita

Sabufa ya dada ilianza kutoa harufu ya kuungua, halafu spika ya kushoto ikawa inakwaruza, ukipandisha sauti ndo balaa kabisa. Nyumbani Temeke nina mita ya kupimia umeme na kifaa cha kulehemu, nikaifungua usiku uleule. Karibu na aisii (chipu) ya kutolea sauti nikakuta rezista, kile kidude cha kupunguza mkondo wa umeme chenye mistari ya rangi, imeungua hadi rangi unazibahatisha tu, na taa yenyewe ya njano, nikasoma kahawia, nyeusi, kahawia, yaani omu 100 (omu ndo kipimo cha rezista). Kesho yake nikaenda Kariakoo nikanunua, nikalehemu, nikawasha, bado inakwaruza na ile mpya nayo ikawa haishikiki kwa moto.

Nikaibeba kwa mzee mmoja fundi redio wa Tandika. Shikamoo mzee, marahaba, akaitazama kidogo akaniuliza, "Mwanangu, upande wa kulia nao unakwaruza?" Nikamwambia hapana, uko poa. "Basi jibu lako liko humohumo, pande zote mbili zimefungwa vitu vilevile."

Kweli bwana, rezista ya kulia iliyokaa sehemu ileile ilikua kahawia, nyeusi, nyeusi, dhahabu. Omu 10, sio 100! Mistari miwili ya kwanza ni namba, wa tatu unakuambia uongeze sifuri ngapi, mweusi huongezi kitu, kahawia unaongeza moja. Dhahabu maana yake inaweza kuzidi au kupungua asilimia 5, na inakusaidia kujua pa kuanzia maana dhahabu haikai mwanzo.

Pembeni yake kulikua na kapasita ndogo, kidude cha kutunza chaji ya umeme, imeandikwa 104, mimi hata sikuiwazia. Inasomwa kwa mtindo huohuo, 10 halafu sifuri nne, inakua 100,000, ila hizo ni pikofaradi, kipimo cha kapasita, na pikofaradi milioni ndo maikrofaradi moja, kwahiyo ni maikrofaradi 0.1. Tukang'oa mguu mmoja tukapima, mita ikalia piii, imeshoti, yaani umeme unapita humo moja kwa moja. Kumbe hiyo ndo ilikua inachoma rezista, hata ningeweka omu 10 ingeungua tu.

Rangi mimi nimezishika hivi: nyeusi 0, kahawia 1, halafu kuanzia 2 mpaka 7 zinafuata upinde wa mvua, nyekundu, chungwa, njano, kijani, bluu, zambarau, mwisho kijivu 8 na nyeupe 9. Tangu niuone huo upinde sijasahau tena.

Zilizonisumbua sana ni za mistari mitano, zile nyingi zina mwili wa bluu. Hapo mitatu ya kwanza ni namba, wa nne ndo sifuri, wa tano asilimia, na huo wa tano mara nyingi ni kahawia, sasa kama wa kwanza nao ni kahawia unaanzia wapi? Mfano kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu, kahawia ni kilo-omu 10 (omu 10,000), ukiigeuza inasomeka omu 120, na zote mbili zipo madukani! Hapo usibishane na macho, zima umeme, ng'oa mguu mmoja, pima. Ukipima ikiwa imefungwa pande zote mita inaweza kukupa namba ndogo kuliko ukweli kwasababu umeme unapita na njia zingine za kwenye bodi.

Zile rezista ndogo bapa za kwenye kabodi ka bluetooth hazina rangi, zina namba, 103 ni kilo-omu 10, 100 ni omu 10 (sio mia, hapa wengi tunaumia), na 4R7 ni omu 4.7, hiyo R inakaa sehemu ya nukta.

Nikarudi Kariakoo, rezista nikachukua ya unene uleule wa ile ya kulia maana rangi hazikuambii wati, yaani inavumilia nguvu kiasi gani bila kuungua, na kapasita 104 moja. Nikafunga, nikapiga mziki nusu saa sauti ikiwa juu, nikazima nikachomoa, nikagusa rezista ya kushoto na ya kulia. Zote baridi.