Karabai za Wichita

Ukiishi Wichita, Kansas, taa za Coleman huwezi kuzikwepa. W.C. Coleman alihamia mji huu mwaka 1902 na biashara yake ya taa, na mwaka 1905 taa zake ziliangaza mechi ya usiku ya futiboli ya Kimarekani, chuo cha Fairmount dhidi ya Cooper. Wazee wa hapa wanaisimulia kana kwamba walikuwepo uwanjani.

Jumamosi asubuhi watu hupanga vitu vyao vya zamani mbele ya gereji na kuviuza bei ya kutupa. Kati ya mashoka na viti vya kukunja utaikuta taa ya marehemu babu yao, aliyokuwa akienda nayo kambini. Mimi niliyekulia Ukerewe sihitaji kufundishwa kitu hicho: ni karabai. Tangi chini, pampu ubavuni, kioo, na kile kifuko cha kitambaa kinachowaka cheupe. Kwetu ilikuwa taa ya harusi, ya msiba na ya mtumbwi wa dagaa, ikifanya kazi mpaka ichakae. Huku ilitoka kiangazi kwa kiangazi, ikarudi kabatini, ndiyo maana utapata yenye miaka sitini na bado ni nzima.

Kuziwasha nako ni tofauti. Karabai ya nyumbani inakula mafuta ya taa, lazima uipashe kwanza kwa spiriti, na mwenye haraka hutolewa ndimi za moto. Coleman nyingi za hapa zinatumia nafta, mafuta mepesi ya jamii ya petroli: piga pampu, fungua, sogeza kiberiti, imewaka. (Nje, tafadhali. Hewa yake ya sumu ndani ya chumba inaua.)

Ninayoipenda ni Coleman ya modeli ya 200A, nyekundu, ya kifuko kimoja, iliyotengenezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 hadi 1983. Chini ya tangi kumegongwa mwezi na mwaka, na wakusanyaji huisaka iliyotoka kiwandani mwezi waliozaliwa. Mimi ni wa Machi 1979. Bado naitafuta.

Ukitaka kununua, vumbi lisikutishe. Fungua kifuniko cha mafuta, mulika tochi ndani. Kutu ya ndani ya tangi ndiyo hasara, chembe zake zitaziba njia za mafuta kila mara. Pampu isiyosukuma mara nyingi ni ngozi yake tu imekauka. Idondoshee mafuta ya mashine, iache ilainike. Ukipewa na pakiti za vifuko vya zamani, usivitumie: vilikuwa na thoriamu, yenye mionzi, na Coleman waliiacha mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vipya ni bei rahisi. Wale wanaozipiga rangi upya zing'ae kama pikipiki ya dukani, sina ugomvi nao, ila taa zao sizinunui.

Mama alipoona picha za rafu yangu alipiga simu hapo hapo. "Yaani mwanangu, umevuka bahari ukanunue karabai?" Akampa simu mjomba, ambaye siku hizi anavulia dagaa kwa taa za sola. Karabai zake mbili zimelala stoo. Nikamsihi, mjomba, usiziuze kwa wanunua vyuma chakavu, nitunzie. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza nitampa dola ngapi.